Soriasisi: jinsi ya kutumia Qing Dai, na inafanya nini kwenye seli za ngozi

Jamani wenye soriasisi, kabla hujapaka chochote uelewe kwanza ugonjwa wenyewe, maana wengi wanakwangua magamba kila siku na kesho yanarudi palepale. Seli ya ngozi kawaida inachukua kama wiki 4 toka izaliwe chini, ipande juu, ikauke na kubanduka. Kwenye soriasisi hiyo kazi inaisha kwa siku 3 mpaka 5 tu, seli zinafika juu bado changa, zinarundikana, ndo yale magamba meupe juu ya baka jekundu, na kwa sisi weusi baka mara nyingi linakuwa zambarau au kijivu. Anayezikimbiza ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Siyo uchafu na HAIAMBUKIZI, hilo mtusaidie kulisambaza maana watu wanatengwa bure.

Sa Qing Dai ni unga wa bluu wa Wachina. Majani ya mimea ya nili yanalowekwa, inatiwa chokaa, wanakoroga mpaka povu la bluu lipande, wanalikausha. Ndani kuna kemikali inaitwa indirubini na hiyo ndo inayofanya kazi kubwa: inavibana vimeng'enya vinavyoiamuru seli igawanyike, spidi inashuka, afu seli inapata muda wa kukomaa na kutengeneza protini kama involukrini inayojenga tabaka la juu la ngozi. Kwaiyo usitegemee magamba yadondoke kwa usiku mmoja, dawa inafanya kazi huko chini yanakotokea.

Na imepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa hospitali ya Chang Gung, Taiwan, walitoa matokeo ya wagonjwa 42, kila mmoja baka moja linapakwa Qing Dai na baka la upande wa pili mafuta matupu, wiki 12. Kwa watu 31 baka la dawa lilisafika kabisa au karibu kabisa. Mi naiheshimu sana hiyo kwa sababu mtu analinganishwa na ngozi yake mwenyewe.

Namna ya kutumia: tafuta mafuta yaliyochanganywa tayari, yenye lebo na jina la mtengenezaji, usichukue unga wa kwenye mfuko usiojulikana umetoka wapi, na ile bluu ya kufulia nguo siyo dawa kabisa, usiguse. Paka kidogo ndani ya mkono usubiri siku 2, ikiwasha au vipele vikitoka acha. Ikiwa salama, oga maji ya vuguvugu, jikaushe taratibu bila kusugua, paka nyembamba juu ya baka tu kwa kufuata maelezo ya kopo. Vaa nguo za zamani na tandika shuka usilolionea huruma, inachafua kweli kweli. Kwa kucha kuna mafuta yaliyochujwa, hayachafui sana, unadondosha tone asubuhi na jioni, ila kucha zinaota polepole so uwe mvumilivu zaidi. Piga picha baka lilelile kila wiki, mwanga uleule, macho yanadanganya. Ipe wiki 8 mpaka 12 kabla hujasema imeshindwa.

USINYWE. Kuna wanaouza ya kunywa, na mwaka 2016 wizara ya afya ya Japani ilitoa onyo baada ya watu waliokuwa wanaimeza kwa ajili ya ugonjwa wa utumbo kupata presha ya mishipa ya mapafu, na ini nalo linaweza kusumbuka. Mjamzito kaa nayo mbali. Kama daktari amekuandikia methotrexate (dawa ya kutuliza kinga ya mwili) au vidonge vya steroidi usivikatishe ghafla eti umepata mitishamba, ongea nae kwanza.

Baka likiwa mwili mzima, au ngozi yote imekuwa nyekundu na unatetemeka baridi, au viungo vinakakamaa na kuuma asubuhi, hapo mafuta ya kupaka hayatoshi, nenda kwa daktari wa ngozi. Walio kaskazini mwa Tanzania pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima cha magonjwa ya ngozi, na nenda na kopo lako wajue umepaka nini.