Somo: Kisigino kinachouma asubuhi kwa mwenye baridi yabisi ya uti wa mgongo

Habari za kiuno na mgongo tumeshazizoea sisi tunaoishi na ugonjwa huu, ambao madaktari huuita ankilosing spondilitisi. Kisigino kikianza kuuma, tunalaumu viatu au uzito, tunachua na dawa ya kupaka, na miezi inapita. Nataka mtu akitoka hapa ajue kwamba kisigino hicho ni sehemu ya ugonjwa uleule, na kina utaratibu wake wa kukitunza.

Hatua ya 1: Jua panapouma. Kano hufunga msuli kwenye mfupa. Ugonjwa wetu hupenda kushambulia pale hasa kano inaposhika mfupa: nyuma ya kisigino, chini ya unyayo, chini ya pia ya goti, hata mbavu zinapokutana na mfupa wa kifua. Bonyeza kwa kidole gumba nyuma ya kisigino, chini kabisa, kano inapoingia kwenye mfupa. Kama panauma hapo, hatua za kwanza za asubuhi ni taabu na ukitembea kidogo panalegea, mwambie daktari wako wa viungo kwa maneno hayohayo.

Hatua ya 2: Kabla ya kushuka kitandani. Keti, nyoosha mguu, pitisha kanga chini ya unyayo karibu na vidole. Shika ncha zote mbili, vuta polepole mpaka shavu la mguu livutike. Hesabu hadi 30, rudia mara 3. Usivute kwa nguvu, kwa sababu unyayo ukikunjwa sana kuelekea juu, kano hubanwa kwenye mfupa palepale penye uvimbe.

Hatua ya 3: Viatu. Kandambili bapa ziweke kando kwa sasa, hata za kuendea bafuni. Tafuta kiatu chenye soli laini na kisigino kilichoinuka kidogo.

Hatua ya 4: Mazoezi ya kuimarisha. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, na ndipo penye faida kubwa. Simama sakafuni ukishika ukuta. Usisimame kwenye ukingo wa ngazi. Inua visigino vyote viwili kwa hesabu ya 2, shusha kwa hesabu ya 4. Fanya mara 10, pumzika, rudia hadi raundi 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari. Kipimo chako ni kesho yake asubuhi: kisigino kikikaza kuliko kawaida, punguza raundi. Kikiwa kimevimba na kina joto, kipe siku chache, lakini usikae wiki nzima kitandani. Kulala sana hukaza kisigino na mgongo pamoja.

Hatua ya 5: Dawa. Ibuprofeni, naproksini au diklofenaki ndizo za kuanzia. Zinywe baada ya kula, na kwa ushauri wa daktari kama una vidonda vya tumbo, presha, shida ya figo au mimba. Sindano ya steroidi ndani ya kano ya nyuma ya kisigino ikatae: kano inaweza kukatika. Ukiandikiwa siprofloksasini kwa taifodi au mkojo, taja kano zako, maana nayo imehusishwa na kukatika kwa kano.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Vipimo vyangu vya damu viko sawa, nimeambiwa sina ugonjwa.*
Marahaba. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyopima uvimbe mwilini, zinaweza kuwa za kawaida huku kano zikiwaka. Kipimo cha HLA-B27, kinasaba kinachohusishwa na ugonjwa huu, nacho kikikosa kuonyesha kitu hakifuti ugonjwa, hasa kwa sisi Waafrika, ambao wengi hawana kinasaba hicho. Eksirei ya nyonga huchelewa miaka kuonyesha ugonjwa. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona mapema zaidi. Rudi kwa daktari, mweleze ukakamavu wa asubuhi.

*Kukaa tahiyatu kunanitesa kisigino na magoti. Nifanyeje?*
Sali kwenye kiti, ndugu yangu. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Ukipata nafuu, anza kwa mto chini ya makalio.

*Kuna fundi wa masaji anavunja mgongo mpaka unalia "ka!". Niende?*
Usiende. Uti ambao pingili zake zimeanza kuungana huwa mgumu lakini dhaifu, na unaweza kuvunjika kwa msukumo mdogo, shingo hasa. Kukandwa misuli kwa upole hakuna neno.

*Kisigino kimepoa, lakini tangu jana jicho moja ni jekundu, linauma na siwezi kutazama mwanga.*
Acha kusoma hapa, nenda kwa daktari wa macho leo hii. Ugonjwa wetu huingia ndani ya jicho, na likicheleweshwa uoni unaweza kupotea. Usinunue matone dukani. Mwambie daktari mapema kwamba una ugonjwa wa uti wa mgongo.