Usaili wa Kazi Nairobi: Ukiambiwa "Anza Jumatatu", Tulia Kwanza

Ukiitwa usaili Nairobi, jambo la kwanza kujiandaa nalo haliko kwenye fani yako. Ni kibali cha kazi. Naandikia hasa Watanzania wenzangu, lakini Mganda na Mkongomani nao wasogee, maana sote tunaponzwa na kitu kimoja: Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wajomba zetu nyumbani wamesikia redioni kwamba Afrika Mashariki sasa ni soko moja, basi wanaamini ukishavuka Namanga umefika kazini. Siwalaumu. Itifaki ya Soko la Pamoja ipo kweli, ilianza kutumika Julai 2010, na uhuru wa wafanyakazi umetajwa humo. Ila kanuni zake hizohizo zinasema mkataba ukizidi siku 90, kibali kinatakiwa, na maombi yapelekwe ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Muhuri wa mpakani unaweza kukupa hadi miezi sita ya kukaa. Kukaa, kumtembelea shangazi South B, kula nyama choma Kenyatta Market. Kuajiriwa hakumo. Kwa hiyo, mjomba, unapopiga simu kila jioni kuuliza "si umefaulu usaili, mbona huendi kazini?", unamsukuma mtoto wako shimoni kwa nia njema kabisa.

Shimo lenyewe liko baada ya usaili kwenda vizuri, ndiyo maana halionekani. Jopo limefurahi, mmecheka, bosi amekusindikiza hadi kwenye lifti. Hapo ndipo anapokuambia: "Wewe anza Jumatatu, kibali kinashughulikiwa." Maneno hayohayo niliambiwa na kampuni moja ya Westlands. Mwezi wa kwanza pesa ilikuja kwa M-Pesa, nusu ya tuliyokubaliana, wakaiita posho ya mafunzo. Mwezi uliofuata haikuja kabisa. Nilipouliza, dada wa rasilimali watu, ambaye hadi jana yake alikuwa akinitania kwa kuniita Bongo, alinijibu kwa sauti ya upole kwamba kwenye kumbukumbu zao hakuna mfanyakazi mwenye jina langu. Kisha akanikumbusha kuwa pasipoti yangu imegongwa muhuri wa mgeni. Maombi ya kibali hayakuwahi kufika Nyayo House, ofisi za Uhamiaji.

Angalia fundo lilivyokazwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 inamhesabu mgeni anayefanya kazi bila kibali kuwa mkosaji: faini hadi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mwajiri naye ana kosa, lakini yeye ana wakili na wewe una begi. Kwenda kudai mshahara ni kwenda kujishitaki. Wanaokufanyia hivi wanajua hilo kabla hujapanda ngazi za ofisi yao.

Narudia, na nitarudia tena: usianze bila kibali. Majaribio ni kazi. "Njoo tu uwazoee wenzako" ni kazi. Hata mafunzo kazini yana pasi yake ya uhamiaji.

Basi maandalizi yako yawe haya. Mwishoni mwa usaili watauliza kama una swali. Sisi tumelelewa kusema "sina, nashukuru sana", tukainuka. Safari hii uwe nalo. Uliza kwa heshima: kampuni imewahi kumwombea kibali mfanyakazi wa nje? Nani analipia? Maombi yatapelekwa lini, kabla au baada ya kusaini mkataba? Na je, nitapewa nakala na namba ya maombi? Kibali cha kuajiriwa kinaombwa kupitia mtandao wa serikali na kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukihamia kwa mwingine, kinaombwa upya. Kampuni iliyozoea itakujibu mara moja, pengine hata na jina la wakala wao. Isiyozoea itakuambia "hilo tutaliangalia". Isiyotaka itacheka na kusema, "Si sisi ni majirani?" Ukisikia habari ya ujirani, shika begi lako.

Jiandae pia kwa swali wanalouliza kwa macho hata wasipolitamka: kwa nini wewe, si Mkenya? Vijana wenye digrii na hawana kazi wamejaa mji huu, na wana haki ya kuuliza. Usijibu kwamba wewe ni mchapakazi, kila mtu ni mchapakazi. Jibu kwa kile ambacho wao hawana: unajua mzigo unavyokwama mpakani Holili na unavyokwamuka, unajua TRA, watoza ushuru wa kwetu, wanataka karatasi gani, una wateja Kariakoo wanaopokea simu yako. Kampuni nyingi za hapa zinauza Tanzania bila kuielewa. Hapo ndipo thamani yako ilipo.

Wakenya nao wana mambo yao. Watakusifia Kiswahili mpaka uone haya, watakuomba useme tena ili wasikilize, halafu usaili mzima utakwenda kwa Kiingereza. Ukiingia na shikamoo, mwenyekiti wa jopo mwenye miaka hamsini anaweza kuganda asijue aitikie nini. Hapa mtu hajisikii vibaya kujisifu. Anataja aliloliongoza na fedha alizookoa bila kupepesa macho. Sisi tunasema "tulijitahidi kama timu" na jopo linaandika kwamba hukufanya kitu. Binafsi naona kujisifu huku kumezidi, na mikutano yao ingekuwa mifupi mtu mmojammoja akipunguza. Lakini kwenye usaili, jisifu. Utatubu jioni.

Mshahara: usiuzidishe kwa shilingi za kwetu kichwani ukaanza kutabasamu. Kodi ya nyumba utalipa kwa shilingi za Kenya. Ukitajiwa 60,000, kwa viwango vya 2025 inakatwa NSSF 3,600, bima ya afya 1,650, tozo ya nyumba 900 na kodi ya mapato kama 8,500, unabaki na 45,000 na ushee. Kwa hiyo uliza wanayosema ni kabla ya makato au ya mkononi, na wewe ukitaja yako sema ni ipi.

Vyeti beba halisi pamoja na nakala. Digrii ya kwetu hutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, CUE, anza mapema. Usaili ukiwa Upper Hill nawe unatokea Mombasa Road, toka alfajiri, na ikinyesha toka mapema zaidi, kwa kuwa nauli ya matatu inapanda na barabara inasimama.

Na ukishapewa kazi wakakuambia usubiri kibali kitoke, usikae Nairobi ukila akiba huku kila wiki wakikushawishi uje "usaidie kidogo tu". Chukua namba ya maombi, panda basi, kasubirie Arusha. Nauli haifikii kodi ya chumba cha mwezi mmoja Kilimani, na hakuna bosi atakayekuita Jumatatu kuja kusaidia kidogo ukiwa ng'ambo ya mpaka.