Kabla hujaapdeti BIOS ya desktopu: mambo ya kupanga stima ikiwa bado ipo

Siku hizi watu wanaapdeti BIOS, ile programu ya mwanzo inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, kuliko zamani na sababu zipo. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kila mwenye desktopu ya mtumba ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk anataka kupanda Windows 11 na anaambiwa awashe TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za mashine), alafu kuna vile vyeti vya mwaka 2011 vya Secure Boot, ule ulinzi unaokagua programu za kubuti, ambavyo mwanzo wa kuisha muda wake ni Juni 2026 na makampuni yanatoa BIOS mpya kwa ajili hiyo, alafu wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walihimizwa kabisa toka Agosti 2024 manake bila ile maikrokodi 0x129 (maelekezo ya ndani ya prosesa yanayokuja na BIOS) chipu inaweza kuharibika polepole bila wewe kujua. Sasa shida ni kwamba mtu anabonyeza apdeti ya BIOS vile anavyobonyeza ya WhatsApp, alafu kompyuta ikikaa gizani ndo anaanza kuuliza nifanye nini. Maswali mengi ya namna hiyo jibu lake lilitakiwa litafutwe jana yake.

Kwanza kabisa jiulize kama unaihitaji. Kama mashine yako ina prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7, BIOS mpya haitaifanya iingie kwenye orodha ya Windows 11, orodha ya Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, hapo unahatarisha madabodi, ile bodi kubwa ya ndani, bure. Kama hakuna tatizo unalolitibu na toleo jipya halitaji usalama, mimi naona uache tu. Huo ndo ushauri wa bei rahisi kuliko wote.

Haya, tuseme unaihitaji kweli. Elewa kinachotokea ndani, si kwa undani sana. BIOS inakaa kwenye kachipu kadogo ka miguu minane juu ya madabodi, nyingi ni MB 16 au 32, na wakati wa kuapdeti programu inafuta vipande vya zamani alafu inaandika vipya. Stima ikikatika katikati, prosesa ikiamka inakwenda kusoma pale na inakuta nusu mtupu. Ndo maana feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Kwa hiyo vitu vinavyoua mashine hapo ni viwili hasa, umeme kupotea na faili lisilo lake, vingine vyote ni usumbufu tu unaotibika.

Tuanze na umeme manake tuko Uganda. UPS ni lazima kwa desktopu, lakini si kila UPS ni UPS, zile nyingi kwenye maduka ya stationery betri yake ilishakufa zamani na inapitisha tu stima ya ukutani huku taa ya kijani inakudanganya. Ijaribu siku moja kabla: washa kompyuta, usifungue kazi yoyote ya maana, chomoa plagi ya UPS ukutani, kaa uangalie. Kama inashika dakika kumi na tano basi inafaa, kama inazima baada ya dakika moja ni betri, na betri peke yake inauzwa, si lazima ununue UPS nzima. Printa ya leza usiichomeke hapo, inavuta moto mwingi. Alafu angalia Yaka, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Hii watu wanaisahau kabisa, wanaogopa umeme wa mtaa kukatika kumbe units zao wenyewe ndo zinaisha, na token kuinunua inataka mtandao ambao nao saa ingine haupo. Kama unakaa vyumba vya mstari na mita mnachangia, waambie majirani, manake mmoja akiwasha pasi na mwingine sigiri ya umeme kwa pamoja swichi kubwa inaruka na wewe uko asilimia 60. Jioni mvua ikianza kunyesha na radi ziko juu ya ziwa, acha mpaka kesho asubuhi. Na kama mnatumia jenereta, ule muda wa kubadilisha kutoka laini kwenda jenereta, hata kama ni sekunde mbili, unatosha kuharibu kila kitu, kwa hiyo UPS iko palepale.

Kwenye ofisi na maduka kuna hatari ingine ambayo si ya umeme, ni ya watu. Windows Update yenyewe saa ingine inaleta BIOS kwa Dell, HP na Lenovo, mtu anabonyeza restart jioni anaondoka, mashine inaanza kuandika BIOS, alafu kijana wa kufunga duka anapita anazima swichi za ukutani zote moja moja kama kila siku. Hana kosa, hakuna aliyemwambia. Bandika karatasi juu ya swichi imeandikwa USIZIME, kubwa, na kama hapo pana wateja wa fotokopi weka mtu pale.

Faili sasa. Usitafute kwa jina la kompyuta tu, tafuta kwa madabodi yenyewe. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, soma BaseBoard Product na BIOS Version, ziandike kwenye daftari. Kompyuta za kuunganishwa na fundi, hasa zenye bodi ya Gigabyte, angalia na rev (namba ya toleo la bodi) iliyochapishwa pembeni ya bodi, rev 1.0 na rev 1.2 zinaweza kuwa na faili tofauti kabisa ingawa jina ni lilelile. Dell tumia Service Tag iliyo kwenye stika. Chukua faili kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza, si kwa Telegram wala kwa rafiki aliye na "ileile". Soma maelezo ya toleo manake kuna zingine haziruki, lazima upite toleo la kati kwanza. Na mtandao wetu unavyokatikakatika, kama kampuni imeandika SHA256 (msimbo wa kuhakiki kwamba faili limefika zima) linganisha, kwenye CMD unaandika certutil -hashfile, jina la faili, alafu SHA256. Herufi moja ikitofautiana shusha upya, faili lenyewe si kubwa, halimalizi bando.

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Kabla hujagusa kitu jua bodi yako ina njia gani ya kujiokoa, kwa sababu kila kampuni ina yake na ikishazima hutaweza kusoma kwenye mashine hiyo hiyo. Bodi nyingi za ASUS, MSI na Gigabyte za miaka ya karibuni zina kitufe nyuma, ASUS wanaita BIOS FlashBack, MSI Flash BIOS Button, Gigabyte Q-Flash Plus, na uzuri wake ni kwamba kinafanya kazi hata bila prosesa wala RAM, kinataka tu umeme wa pawasaplai na flashi kwenye tundu la USB lililowekewa alama. Flashi iwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, na jina la faili lazima liwe lile wanalotaka, kwa MSI ni MSI.ROM, kwa Gigabyte ni GIGABYTE.bin, ASUS wanakupa kaprogramu ka kubadilisha jina. Dell za karibu 2016 kuja juu, unaweka faili linaloitwa BIOS_IMG.rcv kwenye flashi na unashikilia Ctrl na Esc wakati unaiwasha. HP ile programu yao ya BIOS ina chaguo la kutengeneza flashi ya uokoaji, itengeneze sasa, alafu siku ya shida ni Windows na B pamoja na kitufe cha pawa. ThinkCentre za Lenovo nyingi zina jampa (kale kakifuniko ka kuunganisha pini za bodi) ndani ya kuhamisha. Gigabyte za zamani zina chipu mbili kabisa, moja ikifa ya pili inashika. Kama ya kwako haina hata moja ya hizo, basi jua unacheza bila akiba na uamue ukijua hivyo.

Hiyo flashi itengeneze leo, ijaribu kwa kompyuta ingine kama inasomeka, iandike jina kwa kalamu, na weka kibodi ya waya karibu, zile za Bluetooth saa hiyo hazikusaidii.

Kingine ni BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima kwa ufunguo. Hiki ndo kinawafanya watu waseme "imekufa" wakati haijafa. BIOS ikibadilika TPM inaona mashine si ileile, Windows inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na mtu hajui hata kama BitLocker ilikuwa imewashwa, kompyuta ya mtumba ilikuja hivyo au alipoingia kwa akaunti ya Microsoft ikajiwasha. Ingia kwenye akaunti yako toka kwa simu, tafuta recovery key, iandike kwenye karatasi. Alafu kwenye setingi za BitLocker bonyeza Suspend kabla ya apdeti. Na bado nakili mafaili, hasa vitabu vya hesabu vya duka na picha, kwenye diski ya nje. BIOS haifuti diski lakini ufunguo ukipotea ni kama imefuta.

Pia ingia BIOS ya sasa upige picha kila ukurasa kwa simu. Apdeti mara nyingi inarudisha setingi za kiwandani, na ile ya SATA (jinsi bodi inavyosoma diski) ikihama kutoka RAID kwenda AHCI au kinyume chake Windows inagoma kubuti na skrini ya bluu, au kama Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa kubuti unaoitwa Legacy na BIOS mpya inakubali ule mpya wa UEFI tu, inakwambia hakuna diski. Picha inakutibu hapo kwa dakika moja.

Siku yenyewe, chomoa kila kitu kisichohitajika, kibodi na panya zinatosha, na kama bodi ina sehemu ya kuapdeti ndani ya BIOS yenyewe kwa flashi tumia hiyo, usifanye ndani ya Windows huku antivairasi na Chrome vinakimbia. Ikianza, toa mikono. Banange, toa mikono kabisa! Inaweza kujizima na kuwaka mara mbili tatu, skrini inaweza kukaa nyeusi, na mashine za DDR5 zinapima RAM upya dakika kadhaa mara ya kwanza. Watu wanaua bodi nzima kwa kukosa subira ya dakika kumi.

Ikipita nusu saa na bado giza, sasa unaweza kuanza. Zima, chomoa waya wa ukutani, shikilia kitufe cha pawa sekunde 30, toa ile betri ya duara CR2032, ngoja dakika tano au zaidi, rudisha. Hamisha waya wa monita, kama ulikuwa kwenye kadi ya picha weka kwenye tundu la bodi, na ikishindikana rudisha kwenye kadi, kwa sababu setingi zikirudi za mwanzo picha inaweza kutokea upande mwingine. Bakiza RAM moja. Tazama taa: OptiPlex inapepesa rangi ya machungwa na nyeupe kwa mpangilio, hesabu, alafu tafuta maana yake kwa simu. Kama bado, ndo unatoa ile flashi. Kwa ASUS unashikilia kitufe kama sekunde tatu mpaka taa ipepese, taa ikiendelea kupepesa ni kazi inaendelea, ikipepesa sekunde tano alafu ikabaki imewaka tu ujue flashi haijafomatiwa vizuri au jina la faili si lenyewe.

Ikigoma yote nenda kwa fundi mwenye programa ya chipu, kile kifaa cha kusoma na kuandika chipu moja kwa moja, si wa kubadilisha skrini za simu. Wengi wanatumia CH341A na kibano chake. Muulize maswali mawili kabla hujamwachia mashine: chipu ni ya volti 3.3 au 1.8, manake ya 1.8 inataka adapta na asipoiweka anaichoma, na je, ataisoma chipu yangu na kuhifadhi nakala kabla ya kuandika. Hili la pili lina uzito kwa sababu ndani ya chipu kuna namba ya mashine, ufunguo wa Windows uliokuja nayo, na mara nyingi MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kadi ya mtandao. Akiandika faili la kwenye intaneti juu yake bila kuhamisha vile vipande, kompyuta itawaka lakini Windows inaweza kusema haijalipiwa na ile programu ya hesabu iliyofungwa kwa MAC inaweza kugoma kufunguka. Mwambie akupe nakala ya zamani kwenye flashi yako, hata kama imeharibika nusu, ile nusu nyingine ndo yenye vitu vyako.

Ikishawaka, saa na tarehe kwanza, tarehe ikiwa mbaya tovuti nyingi zinakataa na utadhani ni mtandao. Alafu fungua picha zako za setingi urudishe moja moja, SATA, mpangilio wa diski ya kubuti, XMP (setingi ya kuongeza kasi ya RAM) kama ulikuwa unaitumia, TPM iwe imewashwa. Hakikisha toleo kwenye msinfo32 limebadilika kweli. Mwisho rudi kwenye BitLocker ubonyeze Resume, na ukague kama ule ufunguo wa kwenye karatasi bado ni huohuo unaoonekana kwenye akaunti.