Namna ya Kuzuia Ukungu Kwenye Kioo cha Bafuni Wakati wa Kunyoa Ndevu

Anayenyoa ndevu mara tu baada ya kuoga maji ya moto, hasa katika baridi ya Juni na Julai huko Njombe, Makete au Limuru, hukuta kioo cha bafuni kimefunikwa na ukungu mweupe asiweze kuona hata pua yake. Wengi hukifuta kwa kiganja au kwa ncha ya taulo, wakanyoa shavu moja, na kabla wembe haujafika kidevuni ukungu umekwisha kurudi. Kufuta hakusaidii kwa sababu huondoa maji yaliyokwisha kutua tu, hali kioo chenyewe kimebaki baridi vilevile na hewa ya chumbani imejaa mvuke.

Hewa yenye joto la nyuzi 35 za Selsiasi inaweza kubeba takribani gramu 40 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo, ilhali hewa ya nyuzi 20 hubeba kama gramu 17 tu. Hewa ya moto inapogusa kioo baridi hupoa, na mvuke unaozidi uwezo wake hugeuka kuwa matone madogo mno ambayo hutawanya nuru kila upande. Kwa hiyo mtu anaweza kupunguza mvuke, au kukipasha kioo joto, au kukifanya kioo kiyapokee maji kwa namna ambayo hayatajikusanya kuwa matone. Mimi naipendelea njia hii ya mwisho, kwa kuwa haihitaji umeme na gharama yake haizidi kipande cha sabuni kilichobaki sinkini.

Anza kwa kukiosha kioo ili kuondoa mafuta ya vidole na mabaki ya manukato, kwani sabuni haishiki vizuri juu ya uchafu. Maji yenye siki kidogo yanatosha, ingawa siki hiyo husafisha tu na haizuii ukungu kama inavyodaiwa mara nyingi. Kikishakauka kabisa, chukua sabuni ya kipande iliyo kavu, uchore mistari michache kwenye sehemu ile tu inayoonyesha uso wako, kisha usugue kwa kitambaa cha pamba kisicho na manyoya, kwa mfano fulana kuukuu, ukizungushazungusha mkono hadi mistari yote ipotee na kioo kirudi kung'aa. Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema: mwanzoni kioo huonekana kichafu kuliko kilivyokuwa, na inabidi uendelee kusugua kwa upande mkavu wa kitambaa, huku ukikitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga, mpaka usione tena michirizi. Sabuni haikuondoka, imebaki utando mwembamba ambao hupunguza mvutano wa uso wa maji, hivyo mvuke ukitua hutandaa kuwa tabaka moja laini linalopitisha nuru. Ili kuhakikisha, sogeza mdomo karibu na kioo na ukipulizie pumzi. Ukungu ukitokea mahali fulani, hapo sabuni haikufika. Sura yako ikionekana imepindapinda baada ya kuoga, basi umeacha sabuni nyingi mno.

Penye maji ya kisima yenye chumvi nyingi, sabuni ya kipande huacha utando mweupe unaoganda, na ni afadhali kutumia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lisilozidi punje ya harage, likasuguliwa kwa namna ileile. Povu la kunyolea nalo linafaa, na kwa mwenye haraka asubuhi ndilo lililo karibu zaidi na mkono. Gliserini inayouzwa katika maduka ya dawa hufanya kazi pia, ila kwa kuwa huvuta unyevu hunata na kushika vumbi. Dawa ya meno ningeiacha, kwa sababu huacha weupe unaochosha kuuondoa. Utando huu hudumu siku chache, na huisha mapema zaidi ikiwa kioo kinarushiwa maji mara kwa mara.

Jambo hili dogo limewahi kuwasumbua hata wanaanga. Mnamo Juni 5, 1966, Eugene Cernan wa Marekani alipotoka nje ya chombo cha Gemini 9A, kioo cha kofia yake kilishika ukungu kutokana na jasho na pumzi zake mwenyewe hata akawa haoni sawasawa, na katika safari zilizofuata vioo hivyo vikawa vinapakwa dawa ya kuzuia ukungu kabla ya mtu kutoka nje.

Hata kioo kilichopakwa vizuri huelemewa bafu likiwa limefungwa kabisa. Fungua dirisha la juu au luva kabla ya kufungulia maji, wala si baada ya kumaliza. Na kama ipo feni ya kutolea hewa, acha upenyo chini ya mlango, kwani feni haiwezi kutoa hewa mahali ambapo hakuna nyingine inayoingia. Anayeogea ndoo atie maji baridi kwanza ndipo aongeze ya moto, kwa maana maji yaliyochemka yakimiminwa kwenye ndoo tupu huijaza mvuke bafu nzima kabla hata hajavua nguo.

Kuhusu kukipasha kioo joto, mashine ya kukaushia nywele hukisafisha kwa muda mfupi, lakini siishauri ndani ya bafu lenye sakafu na mikono iliyolowa. Viko vioo vilivyowekewa kipasha joto kwa nyuma, kama vile vya baadhi ya hoteli, na hivyo vifungwe na fundi umeme mwenye ujuzi. Asiyetaka lolote kati ya haya anaweza kunyoa kabla ya kuoga: aloweshe kitambaa katika maji ya vuguvugu, akifunike usoni kwa dakika mbili au tatu hadi ndevu zilainike, ndipo apake povu na kunyoa huku kioo bado ni kikavu.

Kwa njia yoyote utakayoichagua, usimwagie kioo maji wala usikipulizie dawa moja kwa moja. Tia kwenye kitambaa kwanza, kwa sababu unyevu ukiteremka hadi ukingoni hupenya nyuma na kula rangi ya fedha, na yale madoa meusi yanayoanzia pembeni hayaondoki kwa sabuni yoyote.