Somo: Mtulinga na kidari, jishike mwenyewe uone tofauti

Wadau leo hatuhitaji kitabu, legeza kola tu tuanze.

Hatua ya 1. Weka kidole kwenye kile kishimo chini ya koo. Kulia na kushoto kuna vinundu viwili, hapo ndo mitulinga (mifupa ya kwenda begani) inapokutana na kidari (mfupa wa katikati ya kifua), kwahiyo mifupa yote umeshaipata.

Hatua ya 2. Fuata kinundu kimoja taratibu kwenda begani, utasikia mfupa unabinuka mbele halafu unarudi nyuma, umepinda kama herufi S, unaishia juu ya bega kwenye kombe (mfupa bapa wa nyuma ya bega). Usiuachie, inua mkono juu ya kichwa... umeona unavyopanda na kuzunguka? Kazi yake ni kulisukuma bega likae mbali na kifua ili mkono upate nafasi ya kucheza, na bila huo hakuna kiungo kingine cha mfupa kinachoshikisha mkono na kiwiliwili, kombe lenyewe limeng'ang'aniwa na misuli tu.

Hatua ya 3. Rudi kwenye kishimo, shuka katikati kama sm 5 utagusa tuta dogo limelala. Ubavu unaotokea pembeni hapo ni wa pili, na manesi wakihesabu mbavu ndo wanapoanzia. Shuka mpaka ncha ya chini ila usiibonyeze kwa nguvu. Kidari ni bapa, kimesimama wima, jozi 7 za mbavu zinajishikiza hapo kwa gegedu (kitu kama mfupa ila laini, kinapinda), na moyo uko nyuma yake.

Maswali ya wadau

Swali: Mbona boda wakianguka unavunjika mtulinga, siyo kidari?
Jibu: Ukianguka unatua na bega au unajikinga na mkono, kishindo chote kinapita kwenye mtulinga na wenyewe mwembamba, unakatikia katikati. Kidari mpaka kipigwe kwa mbele haswa, mfano kifua kugonga usukani, na kikivunjika daktari ataangalia pia moyo na mapafu. Mtulinga mara nyingi unafungiwa kombeo tu (kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni), wiki kadhaa.

Swali: Mtu kaanguka hapumui, nabonyeza wapi?
Jibu: Nusu ya chini ya kidari (siyo ile ncha!), kina sm 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzio anatafuta msaada.

Swali: Nina miaka 20, eti mtulinga wangu bado haujakomaa?
Jibu: Kweli kabisa mdogo wangu. Ndo unaotangulia kuanza kuwa mfupa tumboni mwa mama, ila ncha ya upande wa kidari inachelewa kufunga mpaka miaka ya ishirini na kitu.