Somo: Kuchagua baiskeli ya kwanza ya barabarani ukiwa mtu mzima

Ndugu wanachama, wengi wanaoanza ukubwani huuliza kwanza kuhusu kampuni, rangi na uzito wa baiskeli. Naomba tuanze na mwili wako. Baiskeli isiyokutosha itakuumiza mgongo, magoti na viganja hata ikiwa ya bei ya juu kuliko zote dukani, na baada ya muda utaiacha ikae. Hilo linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu mara nyingi mtu hudhani mwili wake ndio wenye kasoro.

Hatua ya kwanza: pima mguu

Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, nyayo zikiachana kiasi cha sm 15. Weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, ukipandishe mpaka kibane kwenye kinena kama kiti cha baiskeli kinavyobana. Mwombe mtu aweke alama ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu, kisha upime kutoka sakafuni hadi kwenye alama.

Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Ukipata sm 80, jibu ni takriban sm 70.6, nao ndio umbali wa kuanzia kutoka katikati ya ekseli ya kati, ile inayoshika mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Hesabu hii ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Nasema wa kuanzia kwa sababu unene wa soli na urefu wa mikono ya pedali hubadilisha mambo kidogo. Hakiki hivi: kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinamia upande huo. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ni pazuri.

Hatua ya pili: fremu

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Fremu huandikwa 52, 54, 56, au S, M, L, lakini 54 ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na 54 ya kingine. Tafuta jedwali la vipimo la kiwanda na usome viwili: kimo, yaani umbali wa wima kutoka usawa wa ile ekseli ya kati hadi mdomo wa juu wa bomba linalobeba usukani, na urefu, yaani umbali wa mlalo kati ya sehemu hizohizo mbili. Fremu mbili zote za 54 zinaweza kupishana kimo kwa sm 2 au zaidi. Ile yenye kimo kidogo ni ya mashindano, inakulaza mbele. Ile yenye kimo kikubwa ni ya mwendo mrefu, inakuinua.

Kama umekaa ofisini miaka mingi na ukiinama vidole havifiki chini, chukua yenye kimo kikubwa bila kuona haya. Kuna sababu nyingine ya kiufundi. Usukani ukiwa juu unaweza kuushusha baadaye kwa kuondoa zile pete zilizo chini ya shingo yake, yaani kipande kinachoushikilia. Kuupandisha ni kazi ngumu, kwani bomba la uma, linalobeba shingo hiyo, likishakatwa halirefuki tena.

Hatua ya tatu: matairi na gia

Tairi nyembamba za mm 23 zilitawala kwa miaka mingi. Leo chagua mm 28 au zaidi, na hakikisha fremu ina nafasi ya kupokea angalau 32. Tairi pana hukuruhusu kupunguza upepo, nayo inameza mikwaruzo ya lami ambayo ingeishia kwenye kiuno chako. Namba ya psi (kipimo cha msukumo wa upepo) iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, usijaze mpaka hapo. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi za 28 zenye tyubu anaweza kuanza na psi 75 hivi nyuma, na pungufu kidogo mbele.

Kwa gia, hesabu meno. Mbele tafuta 50 na 34, nyuma 11 hadi 32 au 34. Ukiwa 34 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, karibu mita 2.1. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano zina 39 mbele na 25 nyuma kama gia nyepesi kuliko zote; hapo kila mzunguko unakudai karibu mita 3.3. Mlimani, magoti ya anayeanza yatalia.

Breki na malighafi nitapita haraka. Breki za diski hushika vizuri zaidi kwenye mvua. Za kubana ringi ni nyepesi na rahisi kutengeneza. Zote zinafaa. Fremu ya alumini inakutosha kabisa. Kaboni iliyotumika iogope kama huna fundi wa kuikagua, maana ufa wake unaweza kujificha ndani.

Hatua ya nne: ikiwa ni iliyokwisha kutumika

Pima mnyororo kwa rula: kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake, mnyororo mpya ni mm 304.8. Ukikaribia 306.5, unahitaji kubadilishwa, na huenda gia za nyuma nazo zimelika. Legeza nguzo ya kiti na uitikise. Ya alumini iliyokwama ndani ya fremu ya chuma huwa imeshikwa na kutu, na usipoweza kuisogeza baiskeli hiyo haitakuwa saizi yako kamwe. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Kagua sehemu zilizochomelewa, hasa karibu na usukani.

Kisha iendeshe nusu saa kabla ya kulipa, na ubakize pesa za helmeti, taa, pampu na tyubu ya akiba.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nina urefu wa sm 157. Kila baiskeli ninayojaribu, ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele nikikata kona.

Jibu: Dada, hilo hutokea sana kwenye fremu ndogo. Kwa mwendo wa kawaida usukani haugeuki kiasi hicho. Jihadhari unapogeuza polepole. Uliza pia mikono ya pedali ya mm 165, na mwambie fundi azisogeze breki karibu na vidole vyako kwa skrubu yake ndogo.

Swali: Nina kilo 112. Magurudumu yatanibeba?

Jibu: Yatakubeba ukichagua vizuri, kaka. Soma kikomo cha uzito cha kiwanda kwa fremu na kwa magurudumu. Tafuta gurudumu la nyuma lenye spoki 32 badala ya 20 au 24, na tairi za mm 32.

Swali: Ninunue viatu vya kunasa kwenye pedali?

Jibu: Bado. Anza na pedali bapa mpaka kusimama na kuondoka viwe vyepesi kwako.

Swali: Shemeji ananipa baiskeli yake bure, ila naona usukani uko mbali. Nisogeze kiti mbele?

Jibu: Usifanye hivyo. Kiti kinawekwa kwa ajili ya magoti, si kwa ajili ya mikono. Badilisha shingo ya usukani, kwa mfano kutoka mm 110 hadi 90. Ikiwa hata hapo bado unajinyoosha, fremu ni kubwa kwako; mshukuru shemeji na uendelee kutafuta.