Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Ndege kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam

Msafiri wa Mbeya aliyezoea basi anajua kwamba Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kuu ya TANZAM, lakini idadi hiyo haimsaidii anapotaka kujua muda wa ndege, kwa kuwa ndege haiteremki Kitonga wala haipindi kufuata Makambako, Iringa na Morogoro. Umbali wa angani hukokotolewa kwa kalamu na kikokotoo cha simu.

Tafuta kwanza latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, si za katikati ya miji. Uwanja wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012 badala ya ule wa zamani uliokuwa mjini, uko nje ya jiji upande wa barabara ya Tunduma, kwenye takriban nyuzi 8.92 kusini na 33.27 mashariki, Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 2.04, na kwa kuwa nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, tunapata kilomita 226. Tofauti ya longitudo ni 5.93, ila hii huzidishwa pia kwa kosini ya latitudo ya katikati, yaani 0.99, kwa sababu mistari ya longitudo husogeleana kadiri inavyoiacha ikweta. Jibu ni kilomita 652. Kanuni ya Pithagorasi tuliyofundishwa shuleni humalizia kazi: jumlisha vipeo vya pili vya namba hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, nawe utapata kilomita 690. Njia hii inatosha kwa safari za ndani, lakini usiitumie kwa Dar es Salaam na London, kwa kuwa huko mviringo wa dunia hauwezi kupuuzwa.

Gawa sasa umbali kwa kasi. Ndege ya mapangaboi aina ya Q400 huenda kilomita 660 hivi kwa saa, hivyo huhitaji dakika 63. Airbus A220, yenye kasi ya kilomita 830 hivi, huhitaji dakika 50. Ongeza dakika 20 hadi 25, kwa maana ndege hutembea ardhini kabla ya kupaa, na haifikii kasi yake kamili inapopanda wala inapojiandaa kutua.

Kwa maoni yangu, hesabu yenye manufaa zaidi ni ya mlango hadi mlango, ikijumuisha safari ya kwenda Songwe, muda wa ukaguzi na foleni za Dar es Salaam. Kati ya Novemba na Aprili, mvua na mawingu ya nyanda za juu yanapoweza kuichelewesha ndege, si busara kupanga safari ya kuunganisha kwa muda finyu.

Anayeunganisha kwenda Lusaka akumbuke kwamba saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja, jambo linalojulikana na kila anayevuka Tunduma kuingia Nakonde. Tiketi ikionyesha kuondoka Dar es Salaam 10:00, yaani saa nne asubuhi, na kufika 11:15, safari yenyewe ni ya saa mbili na robo. Wakati wa kurudi, saa hiyo moja huondolewa.